Uzi: Maskini wa Dar es Salaam hununua maji kwa bei kubwa zaidi, huyapata yakiwa machafu zaidi, halafu huambiwa achemshe

Bwana Afya Mstaafu aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote kwa heshima, na wakubwa zangu shikamooni.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa afisa afya katika jiji hili, yule ambaye mitaani mnamwita bwana afya, na kila masika yalipokaribia kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba nikipima maji. Kifaa cha kazi hiyo kinaenea mfukoni: kichupa chenye mstari, pamoja na paketi ya vidonge vidogo vyeupe viitwavyo DPD. Unajaza maji mpaka kwenye mstari, unatumbukiza kidonge, unatikisa, unasubiri. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi, na maji ambayo klorini yake imekwisha hubaki vilevile yalivyokuwa. Klorini inayobaki ndiyo mlinzi wa maji safarini. Ikiwa haijashuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kuna matumaini kwamba kijidudu kitakachoingia njiani kitakufa kabla hakijamfikia mnywaji.

Nakumbuka asubuhi moja kule Vingunguti. Nilipima maji ya kioski, yakageuka waridi bila shida. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alijaza madumu yake mawili, nikamwomba ruhusa nimfuate mpaka nyumbani, akakubali. Tulipita vichochoroni, tukaruka mtaro, tukafika kwenye nyumba ya vyumba sita ambamo kila chumba kilikuwa na familia yake. Alimimina maji kwenye pipa la bluu lililokuwa na mabaki ya maji ya juzi, na kifuniko cha pipa kilikuwa kipande cha ubao. Mtoto wake mkubwa akaja na kikombe, akakichovya pamoja na vidole vyake, akanywa. Nilipima maji ya lile pipa mbele ya mama huyo, na kidonge kikayeyuka bila rangi yoyote kutokea. Alikitazama kichupa kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalitua: "Sasa mimi nimenunua nini?"

Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya swali hilo, maana naona tunazungumza juu ya maji machafu kana kwamba ni mvua, inayomnyeshea kila aliyeko nje. Si hivyo. Uchafu wa maji katika jiji letu una ramani, na ramani hiyo inafanana sana na ramani ya kipato.

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hushangaa. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Anayenunua ndoo kwa shilingi 100 analipa shilingi 5,000 kwa uniti. Maji yakikatika, na mwenye mkokoteni akaipandisha ndoo mpaka shilingi 300, uniti ileile imefika shilingi 15,000. Mwenye bomba ndani ya uzio wake hulipa kidogo kuliko hata yule wa shilingi 100, na maji yake hayakupita kwenye dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula, hayakukaa juani juu ya mkokoteni wala hayakuchotwa kwa kikombe cha mtoto. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo analipa zaidi kwa lita, na lita anayoipata imeshikwa na mikono mingi zaidi.

Baada ya hapo tunamjia sisi wenye sare na kipaza sauti, tunamwambia: chemsha maji ya kunywa. Ushauri wenyewe ni sahihi kabisa, na nimeutoa maelfu ya mara. Lakini anayenunua mkaa kwa kopo anajua kwamba sufuria ya maji na sufuria ya maharage zinagombea jiko moja, na siku ambayo mfukoni pana kopo moja tu, maharage ndiyo yatakayoinjikwa. Tulichofanya ni kuihamisha kazi ya mtambo wa kusafisha maji na kuiweka juu ya jiko la mama mmoja, kwa gharama zake, halafu mtoto akiharisha tunauliza kwa nini hakuchemsha.

Na hapa nasi wataalamu tuna lawama yetu. Kwa miaka mingi tuliwaambia watu wachemshe kwa dakika kumi, wengine tukasema ishirini. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakifikia kutokota kwa nguvu inatosha; unaepua, unayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Mkaa wa dakika zile zilizozidi tuliuchoma bure, na aliyeulipia si sisi.

Naomba tujadiliane.

Mkazi wa Tabata aliandika:

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa uzoefu wako, ila naomba kutofautiana nawe kwa heshima katika mambo mawili.

Kwanza, nadhani unauondoa wajibu kwa watu wenyewe. Mimi nimezaliwa bondeni, si mbali na Mto Msimbazi, na kila mvua kubwa iliponyesha niliona kwa macho yangu majirani wakitapisha vyoo, yaani wakitoboa shimo la choo ili kinyesi kiondoke na mafuriko. Hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyetoboa. Uchafu huo huingia visimani na kwenye mabomba, kisha tunasema ni umaskini.

Pili, maji machafu hayachagui. Maji yakikatika, hata wenye nyumba za ghorofa huagiza boza, yaani gari la maji, na hakuna ajuaye lile boza limechota wapi. Kipindupindu hakiulizi mtu ana gari gani.

Bwana Afya Mstaafu aliandika:

Marahaba mwanangu. Umesema yale ambayo watu wengi huyafikiri na hawayasemi, nami nitayajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili.

Kutapisha vyoo nimekuona pia, na mara kadhaa niliwaandikia watu notisi. Siutetei. Lakini tazama nini kinatokea kabla ya mtu kufika hapo. Sehemu kubwa ya jiji hili haina mfereji wa majitaka. Nyumba nyingi zinategemea choo cha shimo au karo. Shimo likijaa linahitaji gari la kunyonya, na gari hilo ni kubwa, halipiti kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni hupita kwa kuinamishwa. Aliyebaki ni chura, yule kijana anayeingia shimoni na ndoo usiku, akachimba shimo jingine pembeni na kuzika humohumo uwanjani. Naye anataka malipo, na mwenye nyumba hayupo, na wapangaji sita hawajakubaliana nani atoe kiasi gani. Mvua inapopiga, anayetoboa shimo anafanya kosa, ndiyo, lakini anafanya kosa ambalo mwenye nyumba iliyounganishwa na mfereji hahitaji kamwe kulifikiria. Huyo naye ana kinyesi kama sisi sote. Tofauti ni kwamba chake kimeondolewa na bomba.

Kuhusu hoja ya kwamba ugonjwa unatokana na tabia za watu wenyewe, swali hilo liliwahi kujibiwa London mwaka 1854, na jibu lake nadhani bado halijafika kwenye mikutano yetu ya mitaa. Wakati ule kipindupindu kilikuwa kikiua watu wengi, na wakubwa waliamini kwamba kinatokana na hewa mbaya na uchafu wa maskini. Daktari mmoja, John Snow, aligundua kwamba kusini mwa mji kulikuwa na kampuni mbili za maji zilizopitisha mabomba katika mitaa ileile. Lambeth ilikuwa imehamisha sehemu yake ya kuchotea maji mwaka 1852, ikaenda juu ya mto Thames, mbali na majitaka ya mji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota palepale mjini. Majirani wa ukuta mmoja, wenye kazi zilezile, vyumba vilevile na hewa ileile, walikunywa maji tofauti bila kuchagua. Snow alihesabu vifo nyumba kwa nyumba: katika kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall walikufa watu 315, na katika kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37. Tabia za watu hazikutofautiana. Kilichotofautiana ni mahali bomba lilipochovywa mtoni, na uamuzi huo haukufanywa na mama yeyote jikoni kwake.

Sasa hoja yako ya pili, kwamba maji hayachagui. Siku ileile niliyopima Vingunguti, alasiri nilikwenda kupima kwenye nyumba moja upande wa pwani, penye kuta ndefu. Maji ya simtanki lao yalikuwa yamekaa muda mrefu, na kidonge hakikutoa rangi hata chembe, sawasawa na pipa la yule mama. Kwa kipimo changu nyumba hizo mbili zilikuwa hali moja. Lakini kwenye ile ya pili hakuna mtu aliyekunywa maji ya bomba. Jikoni palikuwa na kichujio ukutani, na kando ya friji palikuwa na chupa kubwa ya maji ya kununua. Maji yaliyopoteza klorini pale yalioshea magari na kumwagilia maua. Kwa hiyo ni kweli kwamba mlangoni maji hayachagui. Kinachochagua ni kile kilichopo kati ya bomba na mdomo.

Na mtu akiugua, uchaguzi unaendelea. Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja ya maji ya mwili kwa saa. Akiwahi kupewa maji na chumvi, kwa mdomo au kwa dripu, karibu wote hupona. Akichelewa, anaweza kufa ndani ya saa chache. Ugonjwa ni uleule, ila yupo anayeingizwa kwenye gari la nyumbani saa nane usiku, na yupo anayesubiri kuche ili jirani mwenye bajaji aamke. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka hapa Dar es Salaam kikianzia Kinondoni, kikaenea karibu nchi nzima na kufanya wagonjwa zaidi ya 20,000 kabla mwaka 2016 haujaisha, mimi nilikuwa kambini nikipokea wagonjwa. Niliandika majina ya mitaa waliyotoka mpaka nikayajua kwa moyo. Mitaa ya penye kuta ndefu sikuiandika.

Tusidhani pia kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Mji wa Flint, katika jimbo la Michigan huko Marekani, ulikuwa umeelemewa kifedha na kuwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na gavana. Aprili 2014, ili kubana matumizi, ukaacha kununua maji ya Detroit na kuanza kuchota Mto Flint, na hakuna aliyeweka dawa ya kuzuia maji yasilambe mabomba. Mabomba ya zamani yakaanza kuachia madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto na hayana kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama. Wakazi, ambao wengi wao walikuwa weusi na karibu wanne kati ya kila kumi walikuwa maskini, walibeba chupa za maji ya kahawia mpaka kwenye mikutano, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakikwangua vyuma, kikaruhusiwa kuhamia maji mengine. Watu walisubiri mwaka mzima zaidi, mpaka Oktoba 2015. Nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi chini: chuma cha injini kilisikilizwa mwaka mmoja kabla ya mtoto.

Fundi Bomba Mbagala aliandika:

Shikamoo mzee, na ndugu wote habari za mchana. Mimi ni fundi wa mabomba kwa miaka kumi na mbili sasa, naomba kuongeza jambo moja ambalo watu hawalijui.

Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, hata likiwa na tundu, maji hutoka nje na uchafu hauwezi kuingia. Shida ni mgawo. Maji yakifungwa, msukumo unaisha, bomba linabaki tupu na kuanza kuvuta, na kama tundu liko ndani ya mtaro basi linavuta maji ya mtaro. Yakifunguliwa tena, watu wa mwisho wa laini ndio wanaopokea yale yaliyovutwa. Wakati wa ukame wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likawa kwenye mgawo, niliitwa nyumba nyingi kwa sababu maji yakirudi yananuka. Kila mara nilikuta ni uswahilini, kwenye mipira midogo ya nusu inchi ambayo watu wamejivutia wenyewe kutoka mbali, ikalazwa ndani ya mtaro kwa kuwa hakuna pengine pa kuipitisha. Maeneo yenye bomba kubwa lililofukiwa chini hawakuniita kwa harufu. Waliniita niwafungie pampu.

Nawashauri watu wasikinge maji ya kwanza yanapofunguliwa. Najua anayesubiri tangu saa tisa usiku hawezi kuyaacha yamwagike.

Bwana Afya Mstaafu aliandika:

Asante sana fundi. Ulichokieleza ndicho kinachofanya neno "kupata maji" linipe shida kila ninapolisikia kwenye takwimu. Nyumba yenye mpira wa nusu inchi unaotoa maji siku mbili kwa wiki na nyumba yenye bomba lisilokatika huhesabiwa pamoja kwamba zimepata maji. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba mwaka 2022 watu wasiopungua bilioni 1.7 duniani walikuwa wakinywa maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi, na wengi wa watu hao si wa mtoni wala bwawani. Wana bomba au kisima ambacho kwenye daftari ni chanzo kilichoboreshwa.

Mama Wawili aliandika:

Shikamoo baba. Nimesoma uzi huu nikiwa nimempakata mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne, na nimeshindwa kukaa kimya.

Tangu azaliwe ameharisha mara nyingi mpaka nimepoteza hesabu. Kliniki nesi aliniambia mtoto ni mfupi kwa umri wake, akaniuliza namlisha nini, na namna alivyoniuliza nilijiona kama mama asiyejua kulea. Namlisha uji wa lishe, dagaa, mayai ninapopata. Mimi mwenyewe mwaka jana nilipimwa taifodi mara nne kwenye zahanati moja ya mtaani, na kila mara naambiwa ipo, napewa dawa, naondoka, baada ya mwezi homa inarudi. Fedha niliyotumia ingetosha kununua tanki dogo. Ninaweka dawa ya maji ninapokuwa na hela, na nikikosa nachemsha, na nikikosa mkaa tunakunywa hivyohivyo. Naomba uniambie ukweli, baba: nikifanya kila kitu sawasawa, mtoto atakua?

Bwana Afya Mstaafu aliandika:

Marahaba mwanangu, na pole sana. Wewe si mama asiyejua kulea.

Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kila siku, hata asipoharisha, utumbo wake hukaa katika hali ya kuvimba kidogo muda wote. Vile vinyweleo vya ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula hupungua urefu, na sehemu ya chakula unachompa kwa kujinyima hupita bila kufyonzwa, au hutumika kupigana badala ya kujenga mifupa. Ndiyo maana mtoto anaweza kula na bado akadumaa. Nesi aliyekuuliza juu ya chakula alipaswa kukuuliza pia juu ya maji.

Umeniomba ukweli, nami nitakupa. Zipo tafiti kubwa zilizofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018 na 2019, ambamo familia zilipewa dawa ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono. Bangladesh kuharisha kulipungua. Kenya na Zimbabwe hakukupungua. Na katika nchi zote tatu, urefu wa watoto haukubadilika kwa sababu ya mambo hayo. Mimi nilipolisoma hilo nilijua nimesoma habari ya yule mama wa Vingunguti. Mama mmoja hawezi kujenga ukuta kuzunguka mdomo wa mtoto wakati uwanja, mtaro, kisima na bomba vyote vimechafuliwa. Hilo lisikufanye uache dawa ya maji, kwa maana kipindupindu na taifodi inazuia, na kila kuharisha unakokuepusha ni faida. Ila mtoto asipofikia mstari wa kadi, usiubebe mzigo huo peke yako.

Kuna jambo lililofanyika vizuri nchini mwetu nalo naliweka hapa kwa makusudi. Tangu mwaka 2013 watoto wetu hupewa chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni sababu kubwa ya kuharisha kukali. Mtoto wa Masaki kwa wenye uwezo na mtoto wa Tandale uswahilini hupokea matone yaleyale, bure, kwenye ratiba ileile. Hakuna mama aliyeambiwa aichemshe mwenyewe. Sioni kwa nini maji yasipangwe kwa namna hiyohiyo.

Kuhusu taifodi, uwe mwangalifu. Kipimo cha Widal, ambacho ndicho kinachotumika kwenye zahanati nyingi ndogo, hutafuta askari wa mwili dhidi ya ugonjwa, na askari hao hubaki kwenye damu hata baada ya kupona, au huwepo kwa sababu nyingine. Mara moja peke yake hakithibitishi kwamba unaumwa leo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, nacho kinapatikana kwenye hospitali kubwa. Homa ikirudi, usikubali dozi ya tano kabla ya kwenda huko, maana dawa za viuavijasumu zikitumiwa ovyo siku ya taifodi ya kweli hazitafanya kazi.

Na mtoto akiharisha, anza palepale: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa, kama huna paketi ya ORS. Mpe kidogokidogo, endelea kumnyonyesha, na ulizia vidonge vya zinki kituoni. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani au hataki kunywa, usisubiri asubuhi.

Mpangaji wa Kiwalani aliandika:

Shikamoo mzee. Mimi swali langu ni fupi. Mwenye nyumba wetu amechimba kisima uani, maji yake ni meupe, hayana chumvi, baridi, na mtaa mzima unakuja kununua. Choo cha shimo kipo hatua kama kumi na mbili kutoka hapo. Mke wangu amejifungua wiki sita zilizopita na maziwa yake ni machache, hivyo mtoto tunamchanganyia ya kopo. Maji ya kumchanganyia tunayachemsha vizuri kabisa. Tuko salama?

Bwana Afya Mstaafu aliandika:

Marahaba, na hongereni kwa mtoto. Naomba usome jibu hili mpaka mwisho leo hii.

Kiwango tulichokuwa tukikihimiza ni kisima kukaa mita 30 au zaidi kutoka kwenye choo. Hatua kumi na mbili hazifiki hata nusu, na ardhi ya jiji letu kwa sehemu kubwa ni mchanga, ambao hupitisha maji upesi. Weupe na ladha havikuambii chochote. Kuchemsha kutaua vijidudu, lakini kinyesi kinapooza ardhini hutoa nitrati, ambayo haina rangi, haina harufu, na haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua sufuriani, nitrati iliyobaki huwa nzito zaidi. Mtu mzima hawezi kuihisi. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekunywa maziwa ya kuchanganya, ikizidi miligramu 50 kwa lita inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa, akaanza kubadilika rangi kuwa ya bluu midomoni na kwenye kucha. Ukiona dalili hiyo, ni hospitali mara moja.

Kuanzia jioni hii, maziwa ya mtoto yachanganywe kwa maji ya bomba yaliyochemshwa au maji ya chupa yenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, nayo yachemshwe. Mke wako aende kliniki asaidiwe kunyonyesha, kwa sababu mara nyingi maziwa yanayodhaniwa kuwa machache huongezeka mtoto akiwekwa vizuri na kunyonyeshwa mara kwa mara.

Kisha mpime kisima. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji hupokea sampuli za wananchi kwa malipo. Waombeni chupa iliyotakaswa, msiisuuze. Siku ya kuchukua, endesheni pampu dakika chache maji yatiririke, osha mikono, fungua chupa bila kugusa ndani ya kifuniko, jaza ukiacha nafasi kidogo juu, funga, weka kwenye chombo chenye barafu, na muifikishe maabara kabla ya muda wa saa sita kupita tangu mlipoijaza. Semeni mnataka kipimo cha E. koli, kijidudu kinachoonyesha kinyesi, na cha nitrati, vyote viwili. Msipotaja nitrati huenda isipimwe. Gharama msiibebe peke yenu, maana wanaonunua maji hayo ni mtaa mzima, na mwenye nyumba anawauzia. Majibu yakitoka, nakala moja apewe mwenyekiti wa serikali ya mtaa na nyingine afisa afya wa kata, kwa mkono, wakisaini kupokea.

Chukua hatua hizo kwa mguu wako tena, kutoka ukingo wa kisima mpaka ukingo wa choo, na utazame pia choo cha jirani nyuma ya ukuta. Watu wengi husahau cha jirani.

Mpangaji wa Kiwalani aliandika:

Mzee, nimehesabu. Cha kwetu ni hatua kumi na moja. Cha jirani, nyuma ya ukuta, ni saba.

Maji ya mtoto tumebadilisha tangu jana usiku. Nimezungumza na wapangaji wenzangu, tuko kaya tisa, na mama muuza chapati wa mlango wa pili ambaye ndiye mteja mkubwa wa kisima amekubali kuchangia. Mwenye nyumba amekasirika kidogo, ila hakukataa. Jumatatu asubuhi nafuata chupa.